Barua Iliyosomwa Barazani

Poona, India
14 Mei 1970

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mu wazima hapo Mtanda. Mimi sijambo.

Likizo hii sikubaki chuoni na wauguzi wenzangu. Nilipanda treni peke yangu, siku mbili, mpaka mji mmoja wa milimani. Usishtuke, akina mama wa behewani walinilisha chapati njia nzima. Nilipanga kwa bibi mmoja anayefundisha yoga, mazoezi ya kunyoosha viungo na kuvuta pumzi polepole. Jua likichomoza tunasimama kulielekea, tunainama, tunalala kifudifudi, tunainuka. Baba, nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nifike. Wasalimie wa barazani.

Mwanao,
Mboni


Mtanda, Lindi
22 Juni 1970

Mwanangu Mboni,

Marahaba. Miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Ya moyoni ni mengine.

Unajua desturi yangu. Barua yako haisomwi chumbani. Naifungulia barazani, watu wasikie serikali inamsomesha nini binti Hasani. Safari hii sikuipitia kwanza, kwa majivuno yangu. Nilipofika kwenye jua na kuinama, ulimi ulishatangulia. Mzee Kondo, baba wa mchumba wako, alivaa viatu akaondoka bila kuaga. Jumanne wakavunja posa. Mama yako hali chakula.

Nakuuliza moja tu. Umelisujudia jua? Nijibu kweli.

Baba yako,
Hasani


Poona
20 Julai 1970

Baba,

Shikamoo, na mnisamehe wewe na Mama. La, sikulisujudia. Wenzangu walipoimba nyimbo za dini yao nilinyamaza, nikasoma Alhamdu moyoni, na yule bibi hakuniuliza kitu.

Lakini kuna jambo sikuliandika, na hilo ndilo kosa langu. Kabla ya safari ile nilishafunga sanduku nirudi nyumbani. Miezi minne nalia, chakula hakipiti, usingizi sipati. Niliona aibu kukwambia, wewe uliyenisindikiza na mtaa mzima. Yule bibi aliniwekea mkono mgongoni akasema, vuta pumzi mwanangu, hesabu mpaka nne. Hilo ndilo lililonibakisha huku.

Mwanao,
Mboni


Poona
28 Septemba 1970

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu, sijui mnaumwa au mmenikasirikia. Namaliza masomo Desemba. Wizara imeniletea fomu ya kuchagua mji wa kufanyia kazi, niirudishe kabla Novemba haijaisha. Nafasi ya jina la mji nimeiacha wazi. Kama kurudi kwangu Lindi ni kukuaibisha, nitaandika Tabora, na sitalaumu mtu. Ila nataka kurudi. Nimewakumbuka mno.

Mwanao,
Mboni


Mtanda, Lindi
24 Oktoba 1970

Mwanangu Mboni,

Marahaba, marahaba tena. Si ugonjwa wala hasira. Barua yako ya Julai niliisoma peke yangu nikaificha chini ya godoro. Kila Ijumaa nilikusudia kuitoa, nikashindwa. Niliogopa watu. Mtu mzima na mvi zangu, naogopa baraza niliyoikandika kwa mikono yangu.

Ilipofika hii ya Septemba nikaona haya. Nilimfuata Mzee Kondo kwake nikamwomba aje, maana waliosikia ile ya Mei ilibidi waisikie na ya Julai, palepale. Nilisoma yote. Kwenye sanduku macho yakajaa, sikuuona mstari. Kondo akaichukua karatasi mkononi mwangu akaimalizia yeye, polepole. Kisha akasema, "Mtoto kalia miezi minne, na sie tumekaa hapa tunauliza kaelekea wapi."

Posa hairudi, kijana ameshaoa huko Mingoyo, nami sina kinyongo. Mama yako anakula. Jana alilianika godoro lako juani.

Fomu hiyo andika Lindi, mwanangu. Andika kwa wino.

Baba yako,
Hasani