Hoza Hakuiba Mafuta

Baba Salma, mume wangu,

Ijumaa zote hizi nimekuja kaburini kwako, nimeng'oa majani, nimesoma dua na kuondoka upesi kama mtu anayekimbia mvua. Sikukusemesha. Sikuwa na uso wa kukusemesha. Leo naandika, na barua hii siifungi. Watu walinisikia nilipomvunjia heshima Hoza, basi na wasome na haya.

Unakumbuka siku uliyosimamisha lori pale juu ya Soni, mimi nina mimba ya Salma, ukainua kabini na kuniita? "Njoo uone gari inavyovuta pumzi." Ukanionyesha bomba linalotoka kwenye filta ya hewa kuelekea kwenye injini, na kile kidude kilichochomekwa juu yake, hakizidi kidole gumba, chenye kidirisha ubavuni. Ukasema injini ikibanwa hewa, rangi nyekundu hupanda pale dirishani na kubaki hapo hapo mpaka mtu abonyeze kitufe kuirudisha. Nilikuuliza kama wanaume wengine nao huwapeleka wake zao kutazama pua za malori. Ulicheka mpaka ukaegemea tairi. Kisha ukaacha kucheka, ukaniambia, "Mama Salma, filta mpya isikudanganye. Kuenea mahali pake si kitu. Bebesha gari mzigo, ipandishe mlima, halafu ndiyo uangalie kama inapumua."

Nilikusikia. Sitasema sikujua.

Ulipotutoka, lori likabaki mikononi mwangu na usukani ukabaki kwa Hoza. Nani mwingine? Alianza kwako akiwa utingo, ukamfundisha gea, ukamsimamia harusi yake. Na ulipokufa, yeye ndiye aliyeingia na mashehe kukuosha. Aliponiletea kanzu yako imekunjwa, aliniwekea tu mapajani.

Msimu wa kabeji uliopita filta ya hewa ilikuwa imekwisha. Orijino haikupatikana Lushoto wala Korogwe, nikanunua nyingine dukani Tanga, ya kampuni nisiyoijua. Muuzaji aliipanga kaunta pamoja na ile kuukuu. Urefu mmoja, upana mmoja, tundu moja. Fundi aliifunga mbele ya macho yangu, ikaingia bila kulazimishwa. Kabeji zilikuwa zimekwishapakiwa, wenyewe wananipigia simu. Nikasema, "Imekaa vizuri. Funikeni, twende." Kile kidirisha sikukitazama.

Baada ya hapo mafuta yakaanza kupotea. Tenki lililozoea kwenda Dar na kurudi likawa linaishia njiani. Hoza akaniambia, "Shemeji, gari imekuwa nzito mlimani, sijui imepatwa na nini." Mara nyingine akaniambia inatoa moshi mweusi. Mimi nikawa namsikiliza kwa sikio moja. La pili nilikuwa nimewapa watu. Waliniambia mjane hana lori, ana dereva mwenye lori. Waliniambia wote hufyonza mafuta njiani na kuyauza kwa madumu. Neno hilo likaingia, likapata pa kukaa.

Sikumwita pembeni, Baba Salma. Sikwenda kwake. Nilimfuata sokoni Mlola, siku ya gulio, kina mama wameketi na karoti zao, wapakiaji wako juu ya lori.

Alinisalimu kwa furaha, "Onga mshi, shemeji!"

Salamu yake sikuiitikia. Nikamuuliza, "Hoza, mafuta yangu yanakwenda wapi?"

"Gari inakunywa sana siku hizi. Nimekwambia."

"Mume wangu alipokuwa hai haikuwa inakunywa. Gari haijabadilika. Umebadilika wewe."

Wapakiaji wakaacha kupakia. Hoza alitazama huku na huku, nadhani akitafuta mtu wa kumwambia kwamba amesikia vibaya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, sema yote. Unasema mimi mwizi?"

Nikasema, "Ndiyo. Unamwibia maiti uliyemwosha."

Nimeandika maneno haya kama nilivyoyatamka. Nikiyapunguza nitakuwa nimekuongopea na wewe.

Hoza akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya kiroba cha viazi, akashuka kwa miguu njia ya kwao. Mama mmoja muuza karoti akavuta mtandio akafunika mdomo. Nilidhani ananionea huruma mimi.

Tajiri mmoja wa malori pale Lushoto alitaka kumwajiri. Akanijia kwanza kwenye kiduka changu, akaniuliza kama ni kweli yaliyosemwa Mlola. Ningeweza kusema sina ushahidi. Nilinyamaza, nikaendelea kufunga sukari. Akaelewa anavyoelewa mtu aliyenyamaziwa. Tangu hapo Hoza akawa anabeba magunia gulioni, mtu wa umri wake, mgongo umepinda chini ya viazi vya watu waliokuwa wakimwita dereva.

Nikamchukua dereva wa kutwa. Safari ya kwanza, mafuta yakaisha palepale yalipokuwa yakiisha. Nikambadilisha. Wa pili akapanda na mzigo wa saruji kutoka Mombo, nikapanda naye mwenyewe ili nimkamate. Sikumkamata na lolote. Nilimwona akikanyaga mafuta mpaka chini na lori likitambaa, moshi mweusi ukifunika kona nyuma yetu, pikipiki zikitupita. "Mama," akasema, "hii gari kama imezibwa pua."

Baba Salma, nilihisi kama umenishika bega.

Nikamwambia asimamishe tukifika Soni. Akainua kabini. Nilipangusa vumbi kwenye kile kidirisha kwa ncha ya khanga, na chote kilikuwa chekundu, juu mpaka chini. Nikabonyeza kitufe, rangi ikashuka. Tukapanda kilima kingine kwa nguvu zote, tukasimama, nikatazama. Nyekundu tena. Na filta ilikuwa bado mpya, haijashika hata vumbi la kutosha. Karatasi yake tu ilikuwa nzito mno kwa pumzi ya injini ile.

Ningeweza kuishia hapo. Nilitaka kuwa na hakika, au labda nilitaka kuchelewesha. Nikaagiza orijino kutoka Dar, ikafungwa, nikabonyeza kitufe, tukashuka tena Mombo na kupanda na saruji ileile kwa kona zilezile. Lori lilipanda likiimba. Kidirisha kilibaki cheupe. Na mafuta yakarudi kuwa yale uliyokuwa ukiyajua wewe. Dereva alifurahi, akanipa mkono. Mimi niliketi kwenye jiwe kando ya barabara.

Salma alinishauri niende kwa Hoza jioni, nyumbani kwake, tuyamalize kimya kimya. Nikamwambia, "Nilimvua nguo sokoni, mwanangu. Siwezi kumvika chumbani."

Nikangoja siku ya gulio. Nikasimama Mlola mbele ya kina mama wale wale, Hoza ana gunia mgongoni. Nikamwomba alitue. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Hoza hakuiba. Filta niliyonunua mimi ilikuwa inabana hewa, na mimi nilifundishwa kuikagua, sikukagua. Nilimwita mwizi mtu asiye na kosa." Nilipiga magoti, Baba Salma. Alinishika mikono kuniinua kabla magoti hayajafika chini.

"Inuka, shemeji," akasema. "Nimesamehe. Mungu shahidi."

Nikampa funguo. Akazitazama, akatikisa kichwa.

"Kusamehe nimesamehe. Lile lori siliendeshi. Kila mafuta yatakapopungua, nitakutazama usoni. Sitaki kukutazama hivyo."

Nilitoka pale mpaka kwa yule tajiri, nikamweleza yote ambayo ukimya wangu ulimficha. Akamwajiri mwezi uleule. Mkewe Hoza ananijibu salamu. Watu wananiambia yamekwisha, nishukuru.

Juzi tulikutana na lori lake kwenye kona nyembamba chini ya Soni. Alirudi nyuma, akatupisha, akainua mkono kwa adabu, kama anavyompisha mtu yeyote aliye barabarani. Nami nikainua wangu. Tukapita.

Nilikupoteza wewe kwa amri ya Mungu. Ndugu yako nimempoteza kwa mdomo wangu. Ijumaa nitakuja, na safari hii sitaondoka upesi. Mungu akupe raha huko uliko, nami anipe ulimi mfupi.

Ni mimi mkeo,
Mama Salma