Zinki ya Tata imepanda

Alhamisi jioni, Buganguzi. Mvua imekata sasa hivi, migomba bado inadondosha maji. Moyo wangu mzito.

Leo majibu ya damu ya Tata, baba yangu, yametoka. Zinki iliyokuwa chini imepanda. Lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, nayo nzuri. Nusura nipige vigelegele pale pale kwenye benchi la hospitali, Bukoba.

Kisha daktari akampima tena kwa ultrasaundi. Ule mshipa mkubwa wa tumboni uliovimba umezidi kutanuka. Akasema tusisubiri, Tata apelekwe Mwanza akafanyiwe upasuaji kabla haujapasuka.

Nikauliza, na damu je? Akanijibu kwa upole kwamba zinki huonekana iko chini kwa baadhi ya wenye ugonjwa huu, lakini kuipandisha si dawa ya mshipa.

Mimi ndiye niliyesoma mtandaoni nusunusu. Mimi ndiye niliyemlisha dagaa, maini na mbegu za maboga miezi yote hii, nikimwambia damu ikikaa sawa mshipa utanywea wenyewe. Mbegu za maboga hazipendi kabisa. Alizitafuna kwa ajili yangu.

Aliniamini.

Njiani, nilipomweleza habari za Mwanza, alicheka. "Mwanangu, kisu cha nini tena? Si ulisema damu ikiwa sawa basi?"

"Nilikosea, waitu," nikamsihi kwa heshima.

"Hukukosea. Umeingiwa na woga tu."

Tulipofika nyumbani akamwita jirani yetu, Ta Lukasi, aje wanywe rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nawasikia kutoka jikoni ninakomenya ndizi.

"Pole yako wewe na presha yako! Mimi damu yangu ya kijana!"

"Basi tukutafutie mke."

"Tafuta! Na kesho ule mkungu wa nyuma ya nyumba naukata na kuubeba mwenyewe."

Wanacheka. Daktari amemkataza kunyanyua hata ndoo ya maji.

Sijawahi kumwona ana furaha hivi tangu Mama afariki, na furaha hiyo nimempa mimi. Ndizi nilizomenya zimelowa machozi, nimezisuuza tena.

Kesho asubuhi, kabla hajashika panga, nitakaa mbele yake nimweleze upya. Akikataa, nitaubeba ule mkungu mimi, halafu nitamwomba tena.

Lakini nitamwambia nini atakachokiamini kuliko nilichomwambia mwanzo?