Jani la Isale kwa Wenye Manowari

Kirua Vunjo,
Moshi.
27 Januari 1991

Mpendwa kaka Wenseslaus,

Shikamoo. Habari za Dar es Salaam, na hilo joto lenu mnalivumiliaje? Wifi Evelyn hajambo? Kifua cha Jovin kimepoa? Huku miili yetu ni mizima, ndizi zipo, ng'ombe amezaa dume. Basi, nisijizungushe.

Kaka, meli ya mdogo wetu Primus imekamatwa.

Aliyetuletea habari ni Yunusu wa Rau, baharia mwenzake. Meli yake ilikuwa nyuma ya hiyo ya kina Primus kule Ghuba. Walisikia kwenye redio manowari ya kigeni ikiiamuru isimame ipekuliwe, kwa ajili ya hii vita. Kisha kimya. Imepelekwa bandari gani, hajui. Na Primus mwenyewe ni mpishi tu humo, na mzigo wao ulikuwa saruji.

Naogopa, kaka. Taarifa ya habari ikianza mama anazima redio, nami nakwenda kusikiliza kwa jirani. Nikirudi ananitazama usoni wala haulizi kitu.

Humu ndani utakuta jani la isale lililofungwa fundo. Mama amelikata mwenyewe pale kwenye ua wa kihamba, kando ya migomba yetu. Anataka ulipeleke ubalozi wa hao wenye manowari uwaombe radhi, maana mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Baba mdogo Sirili alikasirika sana. Alisema isale hupelekwa na aliyekosa, na tukilipeleka tumekiri kwamba Primus alibeba silaha, tutakuwa tumemfunga sisi wenyewe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Sirili, acha aitwe mkosaji akiwa hai." Baba mdogo alichukua kofia yake akaondoka, pombe yake ya mbege hata hakuigusa.

Mimi sijui nani yuko sahihi. Hao watu isale hawalijui, wataona jani tu. Ila lipeleke, maana mama ataniuliza. Wakitaka kujua maana yake, waambie tunamwomba mtoto wetu. Neno kosa usilitamke kabisa.

Msalimie wifi, na Jovin mpe pole yangu. Mama anawaombea rozari kila jioni, ninyi pamoja na Primus. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Sasa hili moja. Unajua kwetu habari ya msiba haiandikwi, mtu huileta mwenyewe. Basi ukisikia yu mzima, andika, hata mstari mmoja. Tangu Yunusu aje, kila gari likisimama barabarani mama anachungulia kutoka migombani, na akiona si wewe uliyeshuka, anapumua. Tunakupenda na tumekukumbuka sana. Lakini nakuomba, kaka, usije.

Mdogo wako anayekupenda,
Kornelia