Kwaya ya Sayuni Yahojiwa

Temeke, Jumapili

Mchana niliogopa, sasa nacheka. Balozi wetu wa nyumba kumi kasikia redioni kwamba Uzayuni ni ubeberu, akaja kusimamisha mazoezi ya Kwaya ya Sayuni ninayoiongoza.

"Nyie ni Wazayuni?"

"Hapana, mzee. Sayuni ni mlima wa kwenye Biblia."

Bibi Miriam, anayetupigia kinanda, akasema yeye ni Myahudi ila si Mzayuni. Dada yake ndiye Mzayuni, anaona Wayahudi hawana usalama bila nchi yao. Wanagombana katika kila barua wanayoandikiana.

Balozi akajikuna kichwa. "Myahudi si Mzayuni, halafu nyie Wamakonde ndio Sayuni?"

Tukamwimbia ubeti mmoja, akakunja uso.

"Imbeni tu. Nitaripoti kwamba hamjui kuimba, hakuna atakayewasikiliza."

Tumepona, lakini maneno yale yamenichoma. Wale wa sauti ya tatu hawajui kuimba, sawa. Lakini si wote!