Nimemtungia Mpwa Wangu Asili ya "Train", na Sasa Ataisema Mbele ya Wazazi

Bi Magreti, mshauri wetu mpendwa, pokea salamu kutoka Kilosa mjini, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke kwanza, maana mimi siyo mtu wa kuchekwa, huku kwetu watoto wananipa shikamoo kabla sijawafikia, na mwaka ule nilipokuwa naosha magari ya watalii Mikumi tembo dume alisimama barabarani akaniangalia, nikamwambia "good morning", akapisha, na mashahidi wapo ingawa wengi wamehama.

Shida yangu ni Kiingereza hichohicho. Mimi niliishia darasa la tano, jambo ambalo si wengi wanalijua, na mpwa wangu Yusrah, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili na amekua akiamini mjomba Mudathir ndiye Kiingereza cha ukoo. Jumapili nilikuwa kwao, akaja na daftari, akaamkia, nikaitikia, akasema Mwalimu Anitha amewapa kazi, kila mmoja atafute neno la Kiingereza lenye maana nyingi aeleze limetoka wapi, na yeye kachagua "train" kwa sababu tunakaa jirani na stesheni, na kwenye kamusi ya shule amekuta ni treni, tena ni kufundisha, tena ni ule mkia wa gauni la bibi harusi, sasa mjomba, vitu vitatu hivi vilikutana wapi?

Ningesema sijui, Bi Magreti, lakini dada yangu alikuwa anachambua mchele palepale, anasikia. Nikakohoa. Nikasema neno hilo lilizaliwa hapahapa Kilosa, alikuwepo Mwingereza akiitwa Mista Train, ndiye aliyejenga reli, gari likapewa jina lake, na fundi wake mkuu alikuwa babu yangu mimi, Mista akamfundisha vizuri mpaka Wazungu wakawa wakimsifu mtu aliyefundishwa wanasema huyu kafanyiwa kama alivyofanya Train, na mke wa Mista alikuwa na gauni ambalo yeye akishuka Kilosa mkia bado unatoka stesheni ya Kidete. Nikamwona mtoto anasitasita, nikaenda kwangu nikamletea nati kubwa yenye kutu, nikasema Mista alimwachia babu siku ya kuagana. Nati hiyo ni ya mashine ya kukoboa mpunga, niliiokota mwenyewe Tindiga.

Akaandika yote. Aliniuliza mwaka mara mbili, mara ya kwanza nilisema 1920, ya pili sikumbuki nilisema ngapi. Daftari lake lote ni peni ya bluu ila habari yangu kaiandika kwa penseli, nadhani wino ulimwishia. Sasa amechaguliwa kusoma kazi yake siku ya wazazi, Ijumaa ya wiki ijayo, nati ikiwa mezani, na mgeni rasmi ni Mzee Elikana, fundi mstaafu wa reli. Mtoto akaniambia kwa upole, "Mjomba, utakaa mstari wa mbele. Wakiniuliza nimetoa wapi, nitakuonyesha wewe."

Ukweli ni kwamba babu alifanya kazi reli kweli, lakini alikuwa kibarua, anaburuta mataruma ya kulaza reli kwa mnyororo kutwa nzima, hata jina lake hakujua kuliandika, makovu ya mabegani niliyaona kwa macho yangu, sasa hiyo nayo ni habari ya kumpa mtoto wa sekondari? Je, niage kuwa nina msiba Lumuma, au nimfuate Mzee Elikana faragha aikubali ile nati kuwa ni ya reli? Sitaki mtoto aaibike, na sitaki aache kuniuliza mambo. Jina langu unaweza kuliandika, watu wa huku watapenda kulisoma.

Mudathir, Kilosa

Mudathir, uliniomba nisicheke kwanza, nami nimetii. Nilisoma mpaka mwisho ndipo nikacheka.

Reli hiyo ilijengwa na Wajerumani, ndugu yangu, kwa hiyo Mista wako hata kwa kupita hapiti. Mzee Elikana mwache. Mtu ameshika spana maisha yake yote, leo umfundishe uongo uzeeni kwa ajili ya nati ya mpunga? Na Lumuma usiende. Msiba unataka marehemu, na kwa ninavyokusoma utampamba huyo marehemu mpaka watu wakodi basi wakamzike.

Nimekufungulia kamusi kubwa. "Train" limetoka Kifaransa cha zamani, na maana yake ya mwanzo ni kuburuta, kukokota. Ndiyo maana gauni linaloburuzika nyuma ya bibi harusi likaitwa hivyo, na mabehewa yanayokokotwa na kichwa. Watunza bustani nao wakalitumia kwa tawi changa linalovutwa polepole lielekee wanakotaka, na kutoka hapo likafika kwa mtu anayefundishwa.

Sasa soma tena barua yako. Umeandika mwenyewe kwamba babu yako aliburuta mataruma kwa mnyororo. Mtoto amekuuliza vitu vitatu vilikutana wapi, jibu ulilikuta mabegani mwa babu yako ukiwa mdogo, ukaliona la aibu, ukaenda kuazima Mwingereza. Huoni haya?

Fanya hivi. Nenda kwa dada yako kesho, naye awepo, kwa kuwa ulidanganya akisikia. Sema, "Niliishia darasa la tano, na Mista Train nilimtunga." Nyamaza hapo, tembo asiingie. Halafu mwambie Yusrah habari za babu, makovu na yote, na nati irudi kwako. Ijumaa kaa mstari wa mbele, na akikuonyesha kidole, simama.

Umeniandikia kuwa unaogopa ataacha kukuuliza mambo. Hajaacha. Mtoto aliyeuliza mwaka mara mbili na kupata miaka miwili tofauti hakuishiwa wino, Mudathir. Ameshajua, akaandika kwa penseli akakuachia nafasi. Pitia dukani ununue ufutio, umpe wewe mwenyewe mkononi.