Gazeti la Mzee Chandulal

Mwanza Mjini,
18 Januari 1948

Dada yangu Dorotea,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nansio, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua imewaacha mlime. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umenielemea, na kwa kuwa hapa sina wa kumwambia, uvumilie maneno mengi.

Uliniuliza kwa nini sirudi nyumbani nikaoe, maana cherehani hata Nansio inashona. Ni kweli, lakini kilichoniweka hapa si cherehani. Unajua nashona barazani kwa Mzee Chandulal, mwenye duka la nguo. Jirani yake, Mzee Hasham, anauza majembe na taa. Chandulal ni Mhindu na Hasham ni Mwislamu, na roho zao wote ziko Bara Hindi. Gazeti la Kigujarati lilipofika kila Jumamosi, Hasham alimsomea mwenzake, maana Chandulal haoni maandishi tena na wanawe wako Kisumu. Wakianza kubishana, mmoja akitaka nchi iwe moja na mwingine akitaka Waislamu wapate yao, waligeukia Kiswahili ili niwaamue. Sheria yao ilikuwa kwamba hakuna kuinuka kabla fundi hajahukumu, na aliyeshindwa aagize chai. Dada, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza nafikiri nini, si padri wala baba. Nikaanza kuazima vitabu kwa Mwalimu Chenge wa misheni, nisije nikahukumu kijinga.

Mwaka jana, Agosti, walipata uhuru wao na nchi ikakatwa mbili. Baadaye zikaja habari kwamba Bi Taramati, dada yake Chandulal, amekimbia nyumba yake Karachi, upande waliopewa Waislamu, na nguo alizovaa tu. Hasham alimpa pole mwenzake, kisha akasema Waislamu nao wanauawa upande wa pili, akanitaka nihukumu. Nilikuwa bado natafuta maneno Chandulal alipoinuka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawajaketi pamoja.

Kule Kirumba, kwenye kikundi chetu cha kusoma magazeti, watu waliufurahia uhuru huo wakasema zamu yetu nayo itafika. Nami naitaka sana. Ila niliwatazama pale mkekani, Msukuma na Mhaya na Mkerewe, Mkatoliki na Mwislamu, nikajiuliza siku hiyo ikifika ni nani atakayeinuka kwanza. Nilipolisema hilo, Bwana Maige, mkubwa wetu, aliniambia niache mawazo ya uoga, na wenzangu wakacheka. Sijarudi tena.

Sasa nikwambie nililokuficha. Magazeti yalizidi kurundikana dukani kwa Chandulal bila kufunguliwa, na mzee ameketi kando yake. Sikuweza kuvumilia. Nilimwendea Hasham nikamwomba anifundishe herufi zao. Hakuuliza za nini. Kila jioni alinichorea kwa chaki yangu ya kukatia nguo juu ya kaunta yake, akanikaripia nilipokosea, akanikazia hasa majina ya miji. Alinionya nisimtaje mpaka niulizwe. Nami nilijiona mjanja kweli, nikidhani Chandulal akinisikia tu atauliza nani kanifundisha, na mambo yatarudi kama zamani.

Jana nilimsomea. Nilisoma ukurasa mzima bila kuelewa, maana herufi nazijua lakini lugha siijui. Alisikiliza amefumba macho. Mahali fulani machozi yalimtoka, sijui ni kwa neno lipi. Nilipomaliza alinishukuru, akasema nimsomee na Jumamosi ijayo. Bila shaka anajua mwalimu wangu ni nani, kwani Hasham jirani yake ndiye pekee ambaye angenifundisha, lakini hakuuliza. Nilipotoka, Hasham alikuwa amesimama mlangoni kwake, akaniuliza mwenzake amesema nini. Nikamjibu hakuuliza aliyenifundisha. Akafunga duka, jua lingali juu.

Dada, zamani habari za nchi yao nilizipata kwa Kiswahili, na chai juu yake. Sasa nazisoma mwenyewe kwa kinywa changu, na pale barazani mimi ndiye nisiyejua kilichotokea.

Nitamsomea tena Jumamosi, kwa hiyo baba asinitafutie mchumba bado. Umwamkie kwa niaba yangu, na shemeji umsalimie sana. Ukijibu, andika kirefu, hata kama ni habari za mihogo tu.

Ndimi mdogo wako,
Mihayo