Maharagwe Kati ya Mistari

Jumatatu, 3 Mei 1971
Palizi tena. Mgongo unaniuma. Mahindi yamefika magotini, yamenyooka vizuri. Bwana shamba bado hajaja kuyakagua. Asipoyakagua hakuna ruzuku ya serikali, na bila ruzuku yule mwenye duka la mbolea pale Othaya atamchukua ng'ombe wangu mtamba. Nilimweka rehani mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mjinga.

Alhamisi, 6 Mei
Baraza kwa chifu. Tumesimama kwenye baridi mpaka saa nane. Ametangaza kwamba ruzuku ni ya shamba la mahindi matupu. Kitu kingine kikionekana ndani, jina linakatwa. Wanaume wote tukaangalia viatu vyetu. Hakuna mke hapa ambaye hajapanda maharagwe kati ya mistari. Nyambura wangu aliyapanda wiki ileile niliyopanda mahindi. Sikumuuliza. Maharagwe ni mambo ya wanawake, nani huuliza?

Jumanne, 11 Mei
Silali. Pikipiki yoyote ikinguruma barabarani natoka nje. Jirani yangu, Baba Kamau, ananiambia nitulie. Yeye hang'oi hata shina moja. Rahisi kwake, hana deni. Nimemwambia Nyambura tuyang'oe yetu. Akaniuliza, "Watoto watakula huo mtamba?" Nimekasirika, nikatoka nje.

Ijumaa, 14 Mei
Nimeng'oa. Peke yangu, Nyambura akiwa sokoni. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Mengine nimempa mtamba, akala huku anatikisa masikio. Nyambura aliporudi alisimama mwisho wa shamba, kiondo bado mgongoni. Kisha akaingia jikoni. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 16 Mei
Kanisani sikusikia kitu. Nyumbani Nyambura ameniwekea chai, akaenda kunywa yake jikoni. Bwana shamba hajaonekana.

Jumatano, 19 Mei
Amekuja. Kijana tu, koti la mvua, pikipiki imejaa matope. Alianza kwa Baba Kamau. Hakushuka. Aliangalia juu ya ua, maharagwe yamejaa pale mbele ya macho yake, akaweka karatasi juu ya tangi la petroli na kutia sahihi. Akaja kwangu, akafanya vilevile. Nilidhani amemaliza. Kumbe bado anaangalia shamba langu, tena kwa huruma.

"Lakini mzee, maharagwe yako iko wapi? Githeri mtapika na nini, mahindi matupu?"

Nyambura alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote. Nilitaka kumtaja chifu, nikaishia kuangalia viatu vyangu. Pikipiki ikaondoka. Nimejiona mtu wa hovyo kabisa.

Jumapili, 11 Julai
Ruzuku ililipwa juzi. Deni la mbolea limekwisha. Mtamba yuko nyuma ya jikoni, ametafuna kamba yake tena. Baridi kali leo na manyunyu tangu asubuhi. Kutoka kanisani Nyambura alipitia kwa Baba Kamau, akanunua maharagwe kwa pesa zilizobaki. Sasa ameketi mlangoni anayachagua, anatupa mawe nje. Nimeketi karibu naye. Mwakani nitayapanda mimi kwa mikono yangu, lakini hilo sijamwambia. Amenisogezea ungo. Naacha kuandika, nikachague.